Kipeuo cha Namba Hasi: Usikimbilie Kuinyamazisha Kompyuta

Wakati wa TP mwaka jana, mwalimu wa taaluma alinipa kazi ya kuchambua matokeo ya jaribio la hisabati. Shule siitaji, maana kosa lilikuwa langu. Alitaka kujua alama za kila kikundi zimetawanyika kiasi gani, ili apange nani wahudhurie kipindi cha ziada cha jioni. Nami nikajidai fundi, nikaandika programu ya Python.

Kanuni niliyotumia mnaijua: chukua wastani wa miraba ya alama, toa mraba wa wastani, halafu tafuta kipeuo cha pili. Kikundi cha kwanza kilikuwa na wanafunzi watatu, kila mmoja kapata 1 kati ya 10, yaani 0.1. Alama zinalingana, kwa hiyo jibu ni sufuri, hata bila karatasi. Programu ikagoma. Eti math.sqrt imepewa namba hasi!

Niliidhani laptopu imechoka, kumbe ndivyo ilivyoumbwa. Kompyuta hutunza namba kwa msingi wa mbili, na humo 0.1 haina mwisho, kama vile theluthi moja isivyoisha tukiiandika kwa desimali. Inakatwa mahali fulani. Jaribu mwenyewe kuandika 0.1 + 0.1 + 0.1 kwenye Python: utapata 0.30000000000000004. Kichembe hicho kikaingia kwenye wastani, wastani ukapandishwa mraba, na nilipotoa nikabaki na namba hasi yenye sufuri 17 baada ya nukta ndipo zinakuja 1 na 7. Ni vumbi tu, lakini math.sqrt haijui vumbi. Hasi ni hasi.

Nikaweka abs, ile inayofuta alama ya kutoa. Programu ikatembea vizuri, nikalala.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kikundi kingine kilikuwa na wanafunzi 10, waliofanya jaribio ni 8, na wote wakapata 5 kati ya 10. Miraba nilikuwa nimeigawa kwa 10, alama nikazigawa kwa 8. Kwa hiyo 0.2 ikatolewa 0.25, ikabaki -0.05. Hilo si vumbi, hilo ni kosa la kuhesabu watu. Lakini abs ikalipaka rangi, na ripoti ikasema mtawanyiko ni 0.22 kwa watoto waliopata alama zilezile! Mwalimu aliiangalia karatasi, akaniuliza, "Mwalimu, hawa wametawanyika wapi?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo namba hasi ikitokea chini ya kipeuo, kwanza uliza imetoka wapi. Ikiwa ndogo kabisa, tuseme haifiki sehemu moja ya bilioni wakati alama zako ziko kati ya 0 na 1, ifanye sufuri. Ikizidi hapo, acha programu isimame na ukague data. Python ya kawaida inasimama yenyewe, na siku hizi nashukuru. NumPy haisimami: inatoa onyo, inakupa nan, na nan hiyo inasambaa. Wastani wowote utakaoigusa nao unakuwa nan. Tena usiitafute kwa alama ya usawa, kwa sababu nan hailingani hata na yenyewe, tumia isnan.

Ila kuna wakati hasi ni jibu halali. Waliosoma PCM wanakumbuka x² + 2x + 5 = 0. Chini ya kipeuo unapata -16, na majibu ni -1 + 2i na -1 - 2i. Hapo tumia cmath.sqrt badala ya math.sqrt, nayo itakupa 4j (Python inaandika j kama mainjinia). Octave inakupa namba changamano bila kuulizwa, jambo ambalo binafsi silipendi: mtawanyiko wa alama za watoto wenye i ndani yake ni kichekesho.

Dawa yangu ya mwisho ilikuwa kubadili kanuni. Tafuta wastani kwanza, utoe kwenye kila alama, pandisha mraba kila tofauti, ndipo utafute wastani wa hiyo miraba. Miraba haiwi hasi, kwa hiyo kipeuo hakigomi. Wale watatu wa 0.1 sasa wanapata sufuri yenye vumbi kidogo upande wa chanya, na abs nimeifuta. Ripoti niliiandika upya usiku huohuo, nikampelekea mwalimu asubuhi kabla ya paredi.