Njia Ndefu na Njia Fupi

Fundi mmoja aliitwa kutandika vigae katika sakafu ya chumba kikubwa. Urefu wa chumba ulikuwa sentimeta 1,071, na upana wake sentimeta 462. Mwenye nyumba alitaka vigae vya mraba, vyote vya kipimo kimoja, tena vikubwa kadiri iwezekanavyo. Alikataza kabisa kigae hata kimoja kukatwa, kwa kuwa kigae kikikatwa kipande kinachobaki hutupwa, na fedha iliyokinunua hutupwa pamoja nacho. Basi, fundi huyo afanyeje apate kujua kipimo cha kigae kabla ya kwenda dukani?

Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kugawanya atatambua mara moja kwamba inayotafutwa ni namba kubwa kupita zote iwezayo kugawanya 1,071 na 462 bila kubakiza kitu. Namba hiyo huitwa kigawo kikubwa cha shirika. Iko njia moja ya kuipata ambayo mtu ye yote aweza kuibuni mwenyewe. Kigae hakiwezi kupita upana wa chumba. Kwa hiyo jaribu 462 kwanza. Yagawanya 462, lakini haigawanyi 1,071. Jaribu 461, kisha 460, kisha 459, ukishuka hivyo hivyo moja moja mpaka upate namba igawanyayo zote mbili. Njia hii haidanganyi, na mwenye subira atafika. Lakini atafika baada ya majaribio 442, na kama akikosea moja katikati huenda ikampasa kuanza tena.

Njia ya pili ni ya zamani sana. Imeandikwa katika kitabu cha saba cha Elements, maandiko ya Mgiriki aitwaye Euclid, aliyefundisha katika mji wa Alexandria, nchi ya Misri, yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Gawanya namba kubwa kwa namba ndogo, utazame kinachobaki. Kisha gawanya ile ndogo kwa kilichobaki. Endelea hivyo mpaka pasibaki kitu. Namba uliyogawanyia mwisho ndiyo jawabu. Fundi wetu akigawanya 1,071 kwa 462 atapata 2, na kubaki 147. Akigawanya 462 kwa 147 atapata 3, na kubaki 21. Akigawanya 147 kwa 21 atapata 7, wala hapabaki kitu. Kigae ni cha sentimeta 21. Vitaingia vigae 51 kwa urefu na 22 kwa upana, yaani vigae 1,122 kwa jumla. Kazi imekwisha kwa kugawanya mara tatu tu.

Wanafunzi wengi hukariri njia hii bila kuuliza kwa nini ni ya kweli. Haifai kuipokea hivyo, na hasa kwa kuwa sababu yake yaonekana kwa macho. Chukua karatasi, uchore chumba chenyewe. Kuanzia upande wa kushoto, pima mraba mmoja wa sentimeta 462 kila upande, kisha mwingine kando yake. Umebaki ukanda mwembamba, wenye urefu wa 462 na upana wa 147. Sasa fikiri. Kigae kienecho chumba kizima bila kukatwa lazima kienee katika 462. Basi kitaenea katika miraba ile miwili, na kwa hiyo lazima kienee pia katika ukanda uliobaki. Na kigae kienecho ukanda hakiwezi kushindwa na miraba, maana upande mmoja wa ukanda ni ile ile 462. Basi kumpimia fundi kigae cha chumba kizima, na kumpimia kigae cha ukanda peke yake, ni swali moja. Ila ukanda ni mdogo kuliko chumba. Kila mara swali hupungua, na jawabu halibadiliki.

Huenda mtu akasema, "Hayo yote ni kazi bure. Siku hizi ziko kompyuta. Mwache mtu aiagize kompyuta ijaribu moja moja; itamaliza kabla hajapepesa macho." Kwa chumba cha fundi asema kweli. Lakini kompyuta hupewa namba kubwa kuliko za vyumba. Chukua namba mbili zenye tarakimu 20 kila moja, ambazo kigawo chao cha shirika ni 1 tu, na kompyuta iwezayo kufanya majaribio milioni elfu moja kwa kila sekunde. Hata namba hizo zikiwa miongoni mwa zilizo ndogo kabisa za tarakimu 20, kompyuta ikishuka moja moja itafanya kazi usiku na mchana kwa miaka zaidi ya 300. Zikiwa miongoni mwa zilizo kubwa kabisa, ni miaka zaidi ya 3,000. Aliyeuliza swali atakuwa amekwisha kufa na kusahauliwa. Kwa njia ya Euclid, namba hizo hizo hazitaki kugawanya zaidi ya mara 100. Hayo yalithibitishwa mwaka 1844 na Mfaransa aitwaye Gabriel Lamé: hesabu tarakimu za namba iliyo ndogo, uzidishe kwa 5, na idadi ya kugawanya haitapita hapo.

Maagizo aandikiwayo kompyuta huitwa programu. Njia yenyewe ya kazi, hatua baada ya hatua, huitwa algorithimu. Neno hilo limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahesabu aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Mwandishi wa programu apewapo swali, kazi yake ya kwanza si kuandika, bali ni kuchagua njia.

Wala si namba tu zenye njia ndefu na njia fupi. Maneno nayo ni vivyo hivyo, kwa kuwa mbele ya kompyuta neno si kitu ila ni alama zilizofuatana. Tafuta neno KITABU katika maneno haya: MWALIMU ALINUNUA KITABU. Mtu huona mara moja. Kompyuta haina jicho la namna hiyo. Hutazama alama moja moja, na nafasi iliyo kati ya maneno nayo ni alama. Kwa njia ndefu italinganisha K na M, kisha K na W, kisha K na A, na kuendelea hivyo. Itakosa mara 17, na mara ya 18 italiona neno na kulinganisha herufi zake sita. Jumla ni mara 23.

Mwaka 1977 Wamarekani wawili, Robert Boyer na J Strother Moore, walitangaza njia ambayo kwanza yaonekana kama ya kinyume: kulianza neno kwa mwisho wake. KITABU ina herufi 6. Basi tazama kwanza alama ya 6 ya maneno yale. Ni M. Katika KITABU hamna M hata moja, kwa hiyo neno haliwezi kuwapo mahali po pote palipo na M hiyo ndani yake. Ruka alama 6 nzima, wala usizitazame tano zilizotangulia. Alama ya 12 ni N, nayo haimo, ruka tena 6. Alama ya 18 ni K. Hiyo imo, nayo ni herufi ya kwanza. Basi sogeza neno mpaka K yake ikae juu ya K hiyo. Sasa linganisha kutoka mwisho: U, B, A, T, I, K. Zote zimepatana. Jumla ni mara 9, na herufi nyingi hazikutazamwa kamwe. La ajabu zaidi ni hili, kwamba kwa desturi neno likiwa refu, kulitafuta huwa kwepesi, maana kila ruko huwa kubwa. Mtu asiyejua angedhani kinyume chake.

Lakini je, mtu atajuaje ya kuwa njia aliyo nayo ndiyo fupi kupita zote? Hapo hata wakuu wa elimu wamekosea.

Shuleni kuzidisha hufundishwa kwa namna moja: kila tarakimu ya namba ya juu huzidishwa kwa kila tarakimu ya namba ya chini, kisha yote hujumlishwa. Namba mbili za tarakimu 2 zataka kuzidisha mara 4. Za tarakimu 10, mara 100. Za tarakimu 1,024, mara 1,048,576. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Moscow, Andrey Kolmogorov, mmoja wa wanahesabu wakubwa wa karne ile, aliwaambia wasikilizaji wake kwamba kwa maoni yake haiwezekani kupunguza kazi hiyo. Sababu yake ilikuwa na akili: watu wamezidisha kwa karne nyingi mno, na kama ingalikuwapo njia fupi, ingalikwisha kuonekana. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwapo mwanafunzi wa miaka 23, jina lake Anatoly Karatsuba. Kabla ya juma moja kwisha alirudi na njia fupi.

Tazama 47 mara 62. Shuleni huzidishwa mara nne: 4 kwa 6 ni 24, nazo ni mamia, 4 kwa 2 ni 8, na 7 kwa 6 ni 42, nazo ni makumi, 7 kwa 2 ni 14, nazo ni mamoja. Karatsuba aliona kwamba 8 na 42 hazitakiwi kila moja peke yake. Latakiwa jumlisho lao tu. Basi jumlisha 4 na 7, ni 11. Jumlisha 6 na 2, ni 8. Zidisha 11 kwa 8, ni 88. Ndani ya 88 zimo zote nne. Toa 24, toa na 14, imebaki 50. Mamia 24, makumi 50 na mamoja 14 ni 2,914. Imezidishwa mara tatu badala ya nne.

Faida ya mara moja ni ndogo, wala haifai kumsumbua mwanafunzi mwenye kalamu na karatasi. Lakini namba ndefu yaweza kukatwa nusu, na kila nusu ikakatwa nusu, na kila safari faida ile hupatikana tena. Namba ya tarakimu 1,024 hukatwa mara 10. Badala ya kuzidisha mara 1,048,576, zatosha karibu mara 59,000; kujumlisha na kutoa huongezeka, lakini hizo ni kazi nyepesi.

Kolmogorov alishtushwa sana na habari hiyo, kwa kuwa ilibomoa aliyoyasema. Hakuificha. Katika mkutano uliofuata aliwaeleza watu wote njia ya kijana yule, na mikutano ile ikakomeshwa. Kisha aliiandika mwenyewe, akaweka jina la Karatsuba, ikapigwa chapa mwaka 1962. Na Karatsuba hakuwa na habari mpaka alipopewa nakala zilizochapwa.

Tangu hapo njia nyingine zimepatikana. Mwaka 2019 David Harvey na Joris van der Hoeven walitangaza njia ambayo, namba zikiwa kubwa kupita kiasi, ni fupi kuliko zote zilizoitangulia. Kama iko iliyo fupi zaidi, hakuna aliyeionyesha. Wala hakuna aliyethibitisha ya kuwa haiwezekani.