Mlango wa Elimu Haufungwi na Umri

Zipo kauli mbili za wahenga ambazo hutajwa mno barazani kila linapozuka suala la mtu mzima kujifunza. Ya kwanza ni samaki mkunje angali mbichi. Ya pili ni udongo uwahi ungali maji. Kauli hizo ni za kweli katika malezi ya watoto, na sisi hatuna nia ya kuzibatilisha. Tunachokipinga ni kule kuzigeuza kuwa hukumu juu ya watu wazima. Mvuvi wa miaka 45 asiyeweza kuisoma mizani ya mnunuzi, mama wa miaka 50 anayetia dole gumba kwenye karatasi asiyoijua maana yake, na mtumishi wa Serikali aliyebakiza miaka mitatu kustaafu, wote hujiliwaza kwa neno moja: wakati wetu umepita.

Sisi tunasema kwamba neno hilo si la kweli, na tena lina hasara kubwa kwa visiwa vyetu. Watoto tunaowasomesha leo watashika kazi baada ya miaka kumi au kumi na mitano. Wanaolima, wanaovua, wanaolea na wanaoamua mambo ya shehia leo hii ni watu wazima. Taifa likiwahesabu kuwa wamekwisha, litakuwa limejinyima nguvu kazi yake lenyewe.

Kwanza tumwulize mfinyanzi, kwa kuwa kauli ya udongo ni mali yake. Mfinyanzi anajua kwamba udongo uliokauka, maadamu haujachomwa tanuuni, ukirowekwa maji hulainika na kufinyangwa upya. Ukavu peke yake hauuharibu. Tunao ushahidi wa jambo hilo katika historia yetu wenyewe. Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika nyumba ya watu wanyonge. Hakupata kusoma shuleni. Alijifunza kufinyanga vyungu, akawa anavichukua kwenda kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, naye alikuwa amekwisha vuka miaka thelathini. Huko ndiko alikokutana na wanamuziki waliomfundisha, akajizoeza kuimba kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo katika sahani za santuri, akiwa na umri wa miaka 48 hivi. Sauti ya Kiswahili ya mwanamke wa Unguja ikasikika katika mwambao wote wa Afrika Mashariki na mbali zaidi. Alipofariki mwaka 1950 alikuwa ameacha jina ambalo mwandishi mkubwa Shaaban Robert aliona linastahili kuandikiwa wasifu. Laiti Siti angalijiambia mwaka 1911 kwamba wakati wake umepita, angaliendelea kuuza vyungu, na sisi tusingalikuwa na habari zake.

Wapo watakaosema kwamba Siti alikuwa na kipaji cha pekee, na kwamba mtu wa kawaida hawezi kujilinganisha naye. Hoja hiyo inastahili kujibiwa, na jibu lake limo katika mambo yaliyotendwa na watu wengi kwa pamoja.

Katika mwaka 1967 sensa ilionyesha kwamba upande wa Tanzania Bara watu wazima 67 katika kila mia hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha eleza tangu mwaka 1964 kwamba hatuwezi kungoja watoto wakue ndipo tupige hatua, bali lazima tuanze na watu wazima. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Visiwa vya Mafia na Ukerewe vilikuwa miongoni mwa maeneo sita yaliyochaguliwa kuongoza njia, yakitakiwa yafute ujinga kabla ya kwisha mwaka 1971. Madarasa yalifunguliwa shuleni, chini ya miembe, katika majumba ya Chama na vibarazani. Aliyejua alimfundisha asiyejua. Ilipofika mwaka 1975, hesabu za Serikali zilionyesha kwamba wasiojua wamepungua hadi 39 katika mia, na mwaka 1986 hawakufika hata kumi. Wengi wa waliojifunza walikuwa wakulima na kina mama ambao mikono yao ilizoea jembe na kinu, wala haikuwahi kushika kalamu. Je, wote hao walikuwa watu wa vipaji vya pekee?

Yafaa tuangalie kazi ile ilifanikiwa kwa sababu gani. Vitabu vya kisomo vilitungwa kutokana na kazi ya msomaji mwenyewe. Palipolimwa pamba, kitabu kilieleza habari za pamba. Palipovuliwa samaki, kilieleza uvuvi. Na vilikuwapo vya ndizi, vya mifugo na vya mambo ya nyumbani. Mtu mzima hajifunzi herufi kwa ajili ya herufi. Hujifunza kwa kuwa ana shida anayotaka kuitatua kesho asubuhi. Mtoto husukumwa na mwalimu na mzazi. Mtu mzima husukumwa na haja yake. Haja hiyo ikiheshimiwa hujifunza kwa bidii, na ikidharauliwa huondoka darasani kimya kimya, kisha tukasema kwamba amezeeka.

Hatuna budi pia kueleza upande wa pili wa habari hiyo, kwa kuwa nao una funzo. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba takriban watu wazima watatu katika kila kumi hawakujua kusoma na kuandika. Nchi ilikuwa imepita katika miaka migumu ya uchumi, madarasa mengi yakafifia, magazeti ya vijijini yakatoweka, na aliyejifunza akakosa cha kusoma. Elimu isiyotumiwa huota kutu kama panga lililotundikwa ukutani. Kwa hiyo kosa halikuwa la umri wa wanafunzi. Lilikuwa la kuvunjika kwa mpango uliowabeba.

Jirani zetu wa Kenya nao wametupa mfano ambao dunia nzima iliusikia. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure nchini humo mwaka 2003, mzee Kimani Maruge aliona kwamba tangazo lile linamhusu yeye pia. Mwezi Januari 2004 alijiandikisha darasa la kwanza karibu na mji wa Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84, akakaa dawati moja na watoto wenye umri wa vitukuu. Mwaka 2005 alikwenda New York kuzungumzia elimu mbele ya Umoja wa Mataifa. Alifariki mwaka 2009. Tunalotaka wasomaji wetu walizingatie ni kwamba hamu ya mzee yule haikuzaliwa mwaka 2003. Alikuwa nayo maisha yake yote. Kilichobadilika mwaka ule ni mlango. Sisi wa Zanzibar tunalielewa jambo hilo vizuri, kwa sababu hapa kwetu elimu ilitangazwa kuwa bure tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache tu baada ya Mapinduzi, na siku ile walionekana wenye akili ambao jana yake walihesabiwa kuwa hawana.

Wala haitupasi kutazama mbali. Katika kijiji cha Kinyasini, Unguja, kipo kituo kinachowafundisha kina mama ufundi wa umeme wa jua. Mpango huo ulitokana na chuo cha Tilonia, India, na kabla ya kituo hicho kufunguliwa, kina mama kutoka visiwa vyetu walipelekwa huko huko India kusoma. Wanaochaguliwa ni watu wazima kutoka vijiji visivyofikiwa na umeme, mama wa watoto na wengine bibi wenye wajukuu, na wengi wao shule waliiacha mapema au hawakuiona kabisa. Baada ya miezi michache hurudi kwao wakiwa wanajua kufunga vioo vya jua, kuunganisha nyaya na kutengeneza taa zilizoharibika. Hufundishwa kwa vitendo, kwa rangi na kwa alama, hivyo kutojua kusoma hakumzuii mtu kujua kazi.

Lakini la kuzingatia zaidi ni sababu ya kuwachagua watu wazima. Waasisi wa mpango huo waliona kwamba kijana akipata cheti huondoka kijijini kwenda kutafuta kazi mjini, na taa zikizimika hakuna wa kuziwasha. Mama wa makamo hubaki. Ana nyumba, ana jamaa, ana heshima, na kijiji humwamini. Basi hapo umri, ambao sisi tumezoea kuuita kizuizi, umegeuka kuwa sifa ya kumchagulia mwanafunzi.

Hali kadhalika wakulima wa mwani. Kilimo hicho kilipoanza kwa biashara mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, hapakuwa na bibi wala mama aliyekirithi; kina mama walijifunza wakiwa wazima. Bahari ilipozidi joto na mwani wa bei nzuri ukawa unakufa katika maji madogo, iliwapasa kujifunza tena: wengine kupanda katika maji makubwa, wengine kuusaga mwani na kuutengenezea sabuni ili wasitegemee bei ya mnunuzi peke yake. Dunia haimwulizi mtu umri kabla ya kubadilika. Asiyekubali kujifunza mara ya pili hupoteza hata alichokijua mara ya kwanza.

Sasa tuseme wazi yanayotupasa. Kwa viongozi na watendaji wa Serikali, tunasema hivi. Darasa la watu wazima lisipangwe kwa saa za ofisi. Kisiwani kazi hufuata maji: mama wa mwani hawezi kuja darasani maji yanapokupwa, na mvuvi hawezi kuja bahari inapomwita. Msimu wa karafuu nao una haki yake huko Pemba. Ratiba na ipangwe na masheha pamoja na wanafunzi wenyewe. Pili, mtu akivuka miaka arobaini macho yake huanza kushindwa na herufi ndogo za karibu. Wapo tunaodhani hawawezi kusoma, kumbe hawaoni. Miwani ya kusomea ni kifaa cha darasa kama ilivyo chaki. Tatu, mwalimu wa kisomo alipwe posho yake kwa wakati, kwani moyo wa kujitolea nao hula. Nne, kila anayehitimu apate kitu cha kusoma mwezi unaofuata na mwaka unaofuata, tusije tukarudia yaliyotukuta.

Kwa wananchi wenzetu, hasa wanaume, tunasema mwacheni haya isiyo na msingi. Kila jioni baada ya Maghrib, wazee wenye mvi huketi misikitini mbele ya sheikh ambaye pengine ni mdogo kwao kwa miaka ishirini, wakasikiliza darsa, wakauliza, wakasahihishwa. Hakuna anayewacheka. Dini yetu yenyewe ilianza kwa amri ya kusoma, nayo ilimshukia Mtume wetu (S.A.W.) akiwa mtu mzima wa miaka arobaini ambaye hakuwa amejua kusoma wala kuandika, na masahaba wake wengi waliipokea elimu hiyo wakiwa na ndevu. Ikiwa si aibu kujifunza msikitini, kwa nini iwe aibu kujifunza hesabu, ufundi wa mashine au utunzaji wa daftari la ushirika katika chumba cha jirani?

Na kwa watumishi wanaokaribia kustaafu, tunasema kwamba miaka sitini si mwisho wa faida ya mtu. Fundi wa bandari, mkunga, mwalimu na karani wa zamani wanaondoka ofisini na elimu ambayo Serikali imeilipia kwa miaka thelathini. Elimu hiyo ikienda kukaa barazani kucheza bao mchana kutwa, ni hasara kwa wote wawili, mwenyewe na nchi. Kila shehia iwe na daftari la wastaafu wake na kazi wanazozijua, nao waombwe, kwa heshima inayowastahili, kuwafundisha vijana jioni mbili kwa wiki. Nao kwa upande wao wasione vibaya kujifunza kwa vijana yale ambayo wakati wao hayakuwapo. Mzee anayefundishwa na mjukuu jinsi ya kutumia simu ya mkononi kupokea pesa zake hapungukiwi na chochote.

Mtu hapati maana ya maisha kwa kungoja. Huipata kwa kujua jambo ambalo wenziwe wanalihitaji. Visiwa vyetu ni vidogo, na ardhi yake haiongezeki. Kinachoweza kuongezeka ni ujuzi wa watu waliomo. Kazi hiyo haina haja ya kungoja mwaka mpya wala sherehe ya uzinduzi. Msimu huu huu, kila sheha na aanze kwa kuwauliza watu wazima wa shehia yake swali moja: mnataka kujua nini? Majibu yaandikwe, yapelekwe wilayani, na wilaya itoe jawabu. Elimu haina mwisho, na anayeianza leo hajachelewa.