Mavazi ya Kikale: Joho, Lubugo na Kanzu Mbele ya Omukama

Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, waliingia ufalme wa Karagwe, wakapokewa na Omukama, yaani mfalme, Rumanyika. Speke aliandika kwa makini alichokiona: mfalme alikuwa amevaa joho jeusi la Kiarabu, miguuni amejaza shanga za rangi kama soksi, mikononi vikuku vya shaba vilivyosukwa kwa ustadi. Nduguye Nnanaji, mganga mwenye sifa kubwa, alijifunga kitambaa cha mirabamiraba na kujitundikia hirizi mwili mzima.

Joho lile lilitoka pwani. Wafanyabiashara waliopitia Tabora walikuwa na kituo chao Kafuro, hukohuko Karagwe, na Rumanyika hakuona aibu kuvaa kitambaa cha wageni mbele ya wageni.

Lakini mwezi mwandamo ulipofika, joho liliwekwa kando. Usiku ule Rumanyika alikaa peke yake barazani, kichwani taji la shanga lenye kishungi cha manyoya mekundu juu ya paji la uso, kidevuni ndevu kubwa nyeupe zilizoshikiliwa na mkanda wa shanga. Wakubwa wa ikulu walichuchumaa nje ya baraza na ngoma 35 zikalia kwa pamoja. Hapo ndipo ilipo siri ya mavazi ya kifalme katika nchi za Ziwa: utajiri peke yake haukuamua vazi, shughuli yenyewe ndiyo iliyoamua.

Kwa jirani, Buganda, kosa la mavazi lilikuwa kosa la jinai. Speke alipofika kwa mfalme wake, Kabaka Mutesa, mwaka 1862 alikuta kwamba ofisa aliyefunga vazi lake vibaya, au aliyeonyesha sehemu ya mguu wakati wa kuchuchumaa, aliweza kuuawa.

Vazi lenyewe lilikuwa lubugo, linalotokana na gome la mti wa jamii ya mkuyu ambao Waganda huuita mutuba. Gome hubanduliwa msimu wa mvua, kisha hupondwa kwa nyundo za mti ndani ya kibanda, lisikauke upesi, mpaka lilainike na kutanuka. La watu wa kawaida huwa na rangi ya udongo mwekundu. La wafalme na machifu hutiwa weupe au weusi na kuvaliwa kwa mtindo tofauti, hivyo cheo kilijulikana kabla mtu hajafungua kinywa. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza ufundi huo wa Uganda kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa binadamu, na Kabaka Ronald Mutebi alivishwa lubugo alipotawazwa Julai 31, 1993.

Kwetu Buhaya mambo yalikwenda vingine. Serikali ya Tanganyika ilipofuta machifu mwaka 1963, kikale, yaani ikulu ya Omukama, kilipoteza sherehe zake za kiserikali. Mavazi ya heshima yakahamia harusini, na leo kuanzia Kaagya hadi Muleba mzee anayekwenda kuposa huvaa kanzu na koti juu yake. Ni vazi zuri, nalo pia lilikuja na biashara ya pwani. Kuliita la asili si kosa, ila linastahili kuvaliwa sambamba na lubugo lililolitangulia.

Mikuyu inayotoa lubugo bado imo vibanjani. Kinachopungua ni mikono ya mafundi. Ukoo wa Bugabo unaotaka lubugo kwa sherehe yake ungefanya vema kumwalika fundi kutoka Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, mvua zikiwa zinanyesha, na kumkabidhi vijana wawili au watatu wajifunze kubandua gome pasipo kuua mti.