Kamera Mkononi mwa Mwenyeji: Lugha na Ridhaa katika Filamu za Wanavajo

Tangu kamera ilipoingia katika utafiti wa anthropolojia, desturi iliyozoeleka ni mgeni kupiga picha na mwenyeji kupigwa. Mgeni ndiye aliyechagua la kuonyeshwa, akalikata na kuliunga kwa mantiki yake, kisha akaliita utamaduni wa watu wale. Makala haya yanachunguza jaribio moja la kuigeuza desturi hiyo, pamoja na swali lililozaliwa nalo: je, mwenyeji akishika kamera, kauli imekwisha kuwa yake?

Katika kiangazi cha 1966, Sol Worth, mtaalamu wa mawasiliano, na John Adair, mwanaanthropolojia, walikwenda Pine Springs, Arizona, katika nchi ya Wanavajo huko Marekani. Waliwafundisha wenyeji sita kutumia kamera ya milimita 16 na kuunga vipande vya filamu, bila ya kuwaagiza wapige picha za nini. Mmoja wao, Susie Benally, alimfundisha mama yake, Alta Kahn, naye akatengeneza filamu yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972 katika kitabu *Through Navajo Eyes*.

Jambo lililowashangaza watafiti hao ni wingi wa mwendo. Filamu ya Benally inahusu ufumaji, lakini sehemu yake kubwa si kufuma, bali ni kutembea, kutafuta mimea ya rangi, kuchunga kondoo na kutayarisha sufu. Nyuso hazikuonyeshwa kwa karibu ila kwa nadra. Worth na Adair walilihusisha jambo hilo na sarufi, kwa kuwa Harry Hoijer alikwisha eleza jinsi kitenzi cha Kinavajo kinavyotilia mkazo dhana ya mwendo.

Dai hili lavutia, lakini lataka hadhari. Watu sita ni wachache. Na akaaye katika nchi pana yenye nyumba zilizotawanyika hutembea, vitenzi vyake viwe vipi. Kiswahili husema mtu "amelala" angali usingizini, wala hakuna adaiye kwamba kwa Mswahili usingizi huo umekwisha. Zaidi ya hayo, filamu zenyewe hazikuwa na sauti. Kinavajo kilichodhaniwa kuziongoza hakikusikika humo hata neno moja, na waliozifasiri katika kitabu ni wageni.

Kabla ya kazi kuanza, mzee mmoja, mganga mwenye kuheshimiwa, aliuliza kama filamu zitawadhuru kondoo. Akajibiwa kuwa hazitawadhuru. Akauliza kama zitawafaa. Akajibiwa kuwa hazitawafaa. Basi, akauliza, za nini?

Swali hilo halikujibiwa kwa kuzaliwa mtengenezaji filamu wa Kinavajo. Katika miaka ya 1980 Arlene Bowman, Mnavajo aliyesomea filamu Los Angeles, alikwenda kumpiga picha bibi yake kwa ajili ya filamu *Navajo Talking Picture*. Bibi alikataa, mjukuu, ambaye hakuweza kuzungumza Kinavajo, akaendelea. Damu ilikuwa moja, lakini lugha na ridhaa hazikuwapo.

Kwa hiyo kumkabidhi mwenyeji kamera ni mwanzo tu. Njia ya wenyeji hupatikana pale mwenye kupigwa picha anapoweza kuuliza kwa lugha yake kazi hiyo ni ya nini, akajibiwa kwa lugha hiyo hiyo, na akikataa, kamera ikazimwa.