Tabora hadi Kigoma: Kilomita Chache, Dakika Nyingi

Kutoka uwanja wa ndege wa Tabora hadi ule wa Kigoma ni kama kilomita 350 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya panga boi aina ya Q400, ambayo Air Tanzania huitumia kwenye safari za mikoani, hukata zaidi ya kilomita 600 kwa saa ikishatulia angani. Msafiri wa Isevya, hapa Tabora, akigawa haraka haraka atapata dakika 35. Asimwite ndugu yake wa Ujiji aje kumpokea kwa hesabu hiyo.

Kosa haliko kwenye umbali. Umbali wa angani hupimwa juu ya mviringo wa dunia, na huku kwetu karibu na ikweta hata ramani bapa haitupotoshi sana: digrii moja ya longitudo hapa Tabora ni karibu kilomita 111. Longyearbyen, kaskazini kabisa mwa Norwei, digrii hiyo hiyo imebanwa hadi kilomita 23 hivi, na anayepima kwa rula kwenye ramani ya ukutani huambulia uongo mtupu.

Kosa liko kwenye mwendo. Ndege hujikokota hadi mwanzo wa barabara ya kurukia, hupaa kwa mwendo mdogo, hupunguza kasi mapema ili ishuke, kisha hupanga mstari wa kutua. Mimi hukadiria hivi: dakika moja kwa kila kilomita 10, halafu ongeza dakika 20 za kupaa na kutua. Kigoma inakuwa dakika 55. Dar es Salaam, kilomita 730 hivi kutoka Tabora, inakuwa saa moja na nusu. Umbali ni zaidi ya mara mbili, muda haufiki mara mbili, kwa kuwa zile dakika 20 hulipwa mara moja tu kwa kila mruko.

Sasa tazama Tabora ilivyokaa. Dar es Salaam hadi Kigoma moja kwa moja ni karibu kilomita 1,080. Ukipitia Tabora, njia hairefuki hata kwa kilomita 10, maana mji uko karibu kabisa juu ya mstari wenyewe. Lakini kutua na kuruka upya, pamoja na nusu saa ya kushusha na kupakia abiria, hula dakika 50 hivi.

Misafara ya zamani iliyajua haya kwa miguu. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Gawa kilomita 690 za mstari ulionyooka kutoka Bagamoyo kwa siku hizo zote, hazifiki hata 6 kwa siku, ilhali siku ya kutembea msafara uliweza kukata 15 na zaidi. Siku ziliishia kambini: homa, kusaka wapagazi, na majadiliano marefu ya hongo Ugogo.

Anayempeleka mgonjwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa ndege aulize wakati wa kukata tiketi: inatua wapi njiani, na inakaa hapo muda gani? Majibu hayo mawili yatampa saa ya kufika kwa uhakika zaidi kuliko kilomita zozote atakazotajiwa.