Mswaki Ndani ya Gundi ya Meno

Kijana wa Kehancha ambaye meno yake yamepandana, na ambaye wazazi wake wamejaliwa kumudu gharama ya kuyanyoosha, hugandishiwa kwa gundi vipande vidogo vya chuma juu ya meno hayo, vikavutwa kwa waya kwa mwaka mmoja au miwili. Na kwa kuwa matabibu wa fani hiyo aghalabu hukaa katika miji mikubwa, kipande kimoja kikibanduka huku karibu na mpaka wa Tanzania humgharimu nauli na safari ndefu.

Hata hivyo, kubanduka si dhara pekee. Pembezoni mwa gundi, mahali ambapo brashi haifiki kwa wepesi, hujikusanya ukoga, na ndani yake huishi bakteria, mashuhuri wao akiwa Streptococcus mutans, ambao huigeuza sukari tunayokula kuwa asidi inayonyonya madini ya jino. Madoa meupe yaweza kudhihiri katika muda wa mwezi mmoja. Na utafiti wa Gorelick na wenziwe, uliochapishwa Marekani mwaka 1982, uliona takriban nusu ya waliofungwa vyuma wana doa moja au zaidi.

Kwa sababu hiyo wataalamu wamejaribu kuitia gundi yenyewe dawa za mimea, kama vile manjano, mdalasini, na ule mti wa mswaki, Salvadora persica, ambao vijiti vyake vimetafunwa tangu kale na watu wa pwani yetu na wa Arabuni. Mwaka 2011 watafiti wa Uswidi walibainisha kwamba mizizi yake ina benzili isothiosianeti, yenye kuua upesi bakteria wa maradhi ya ufizi. Ama jamii ile ya Streptococcus, haikudhurika kwa kadiri hiyo. Basi dawa ya ufizi haiwi lazima dawa ya madoa.

Fauka ya hayo, gundi hiyo ni resini inayogandishwa kwa mwanga wa buluu, molekuli zake zikishikana minyororo, na si kila mgeni apokewaye humo huacha kazi hiyo itimie. Yujenoli, iliyo asili ya harufu ya karafuu za Unguja na Pemba, na ambayo matabibu wameitumia miaka mingi kutuliza maumivu ya jino, huzinasa chembe tendaji zinazoanzisha mshikamano huo, resini ikabaki laini. Kadhalika dawa ikizidi kipimo huweza kuidhoofisha gundi, ilhali Reynolds alikadiria mwaka 1975 kwamba yapasa ihimili takriban megapaskali 6 hadi 8.

Maadamu majaribio mengi ya namna hii yamefanywa maabarani, dawa ya meno yenye floridi, brashi ipitishwayo kwa makini kuzunguka kila chuma, na kupunguza vitu vitamu ndiyo kinga ya leo. Na siku gundi ya mimea itakapoletwa, mkaazi wa Kehancha asitosheke kuambiwa kwamba inaua bakteria. Na aulize kwanza kama inashika, kisha dawa yake hudumu miezi mingapi kabla haijakwisha mdomoni.