Simu imejaa? Usikimbilie kufuta picha

NI Jumamosi mjini Isiolo. Mtaani Bulla Pesa kuna harusi, bi harusi anatolewa nje na kila mkono umeinua simu. Mara shangazi mmoja anasonya. Simu yake imemwandikia kuwa nafasi imekwisha. Anafanya wanavyofanya wengi wetu: anafuta picha za zamani mbiombio, bila kutazama, ili anase tukio lililo mbele yake. Jioni ndipo anapogundua kuwa pamoja na picha za mbuzi na matangazo ya mazishi, ameifuta picha ya pekee ya marehemu mama yake.

Msomaji, kisa cha namna hii si kigeni. Zamani filamu moja ya kamera ilitoa picha 36, na mtu alifikiri mara mbili kabla ya kubonyeza. Picha zilisafishwa studioni, zikabandikwa kwenye albamu na mgeni akaonyeshwa anapongoja chai. Siku hizi mtoto wa darasa la tatu hupiga picha 36 kabla ya staftahi.

Katika mji kama Isiolo, simu haikuwekewa picha za kujifurahisha pekee. Mfanyabiashara wa mifugo humtumia mnunuzi wa Nairobi picha ya ng'ombe. Mama anayeuza maziwa ya ngamia huhitaji simu isiyokwama ili apokee malipo. Mwanafunzi huweka humo picha za ubao na za karatasi za mitihani iliyopita. Simu ikijaa pomoni huzubaa, WhatsApp hukataa kufungua picha, na wakati mwingine hata ujumbe mfupi hushindwa kuingia.

Mlaji ni nani?

Kabla ya kufuta chochote, mjue mlaji. Picha moja ya kawaida huchukua takriban megabaiti 3 au 4. Video ya dakika moja iliyo safi inaweza kufikia megabaiti 100 au zaidi. Kwa hivyo, video moja ya ngoma ya harusi ni sawa na picha 25 au 30 za jamaa zako. Ukitafuta nafasi, anza na video.

Mlaji wa pili ni WhatsApp. Kikundi cha ukoo, cha chama, cha kanisa au msikiti na cha wazazi wa shule, vyote hukumiminia picha na video ambazo hukuziomba, nazo hujihifadhi zenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, fungua sehemu ya hifadhi na data, kisha ya kudhibiti hifadhi. Hapo utaona faili zinazozidi megabaiti 5, zile zilizosambazwa mara nyingi, na kiasi kinacholiwa na kila kikundi. Futa hizo kwanza. Halafu zima ule upakuaji wa kujiendesha wenyewe, na bando lako la data litakushukuru pia.

Tatu, chunguza pipa la taka. Picha iliyofutwa haiondoki papo hapo; aghalabu hukaa pipani siku 30 hivi ikiendelea kula nafasi. Hiyo ni heri na shari. Ni heri kwa yule shangazi wetu, kwani akiwahi anaweza kuirudisha picha ya mama yake. Kwa hivyo usimwage pipa kabla ya kulipekua.

Mtego wa mtandaoni

Wengi huhifadhi nakala mtandaoni kupitia Google Photos. Hadi Mei 2021, picha zilizopunguzwa ubora kidogo zilihifadhiwa humo bure bila kikomo. Tangu Juni 1, 2021, kila akaunti hupewa gigabaiti 15 za bure, nazo hugawanywa na barua pepe na faili nyingine. Kwa picha za megabaiti 3, hizo ni kama picha 5,000. Watumiaji wa iPhone hupewa gigabaiti 5 tu na iCloud.

Sasa sikiliza kwa makini, kwani hapa ndipo wengi huteleza. Ukiifuta picha ndani ya programu hiyo kwa njia ya kawaida, inatoweka simuni na mtandaoni pia. Iwapo unataka kupunguza mzigo wa simu pekee, tumia sehemu iliyotengwa kwa kazi ya kuongeza nafasi kwenye kifaa. Hiyo huondoa nakala za simuni ambazo tayari zimehifadhiwa mtandaoni. Isitoshe, akaunti ya Google isiyotumiwa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na picha zake. Basi usisahau nywila yako, na uingie mara kwa mara.

Kwa wanaoishi vijijini ambako mtandao ni hafifu, memori kadi au flashi ni msaada mkubwa. Lakini jihadhari na kadi za bei ya kutupa. Nyingine huandikwa ukubwa zisizokuwa nao, na picha huharibika kimyakimya. Hamisha picha, zifungue kwenye kadi uone kama zi salama, ndipo ufute za simuni.

Watenge walio wa thamani

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Kaa na jamaa zako Jumapili moja, mpekue simu pamoja. Waulizeni wazee majina ya waliomo pichani na muyaandike, kwani picha isiyo na jina huwa ya mgeni kizazi kijacho. Chagueni picha 20 ambazo hamwezi kuzipata tena: babu na nyanya, mtoto alipozaliwa, boma la zamani kabla ya kuhama. Zipelekeni studioni zichapishwe. Nakala nyingine mtumieni jamaa anayeishi mbali, awe Nairobi, Meru au Ghuba. Simu ikiibwa stendi ya matatu, kumbukumbu haziibwi nayo.

Picha za kitambulisho na za hati za shamba nazo zisiachwe ovyo simuni, hasa unapompelekea fundi simu hiyo au unapoiuza.

Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa na simu za kisasa, lakini neno lao bado linafaa. Nafasi ya simu unaweza kuinunua. Sura ya mama yako haiuzwi popote.